Kufuatilia Tovuti kwa Milisho ya Habari: Njia Zipi Zipo, na Ipi Imfae Anayeanza

Mtu anayefuatilia tovuti kumi au ishirini hukabiliwa na tatizo lisilohusiana kabisa na ubora wa tovuti hizo: hawezi kujua ni lini kitu kipya kimechapishwa na wapi. Tovuti moja hutoa makala thelathini kwa siku, nyingine hutoa moja kwa miezi miwili, na mara nyingi hiyo ya pili ndiyo asiyopenda kuikosa. Milisho ya habari ilibuniwa kwa ajili ya tatizo hilo hasa, lakini si njia pekee, na ndani ya milisho yenyewe kuna uamuzi mwingine wa kufanya, yaani aina ya programu ya kuisomea. Ulinganisho ufuatao unaanza na swali la kwanza na kukaa zaidi kwenye la pili, kwa sababu la pili ndilo linalowatatiza wanaoanza na ndilo lenye matokeo ya muda mrefu.

Mlisho ni kitu gani

Mlisho ni faili ambayo tovuti huiweka kwenye seva yake kando ya kurasa za kawaida, na ambayo huandikwa upya kila makala mapya yanapochapishwa. Ndani yake hamna menyu, rangi wala madirisha yanayoruka mbele ya macho. Kuna orodha ya makala ya karibuni tu, na kwa kila moja kuna kichwa, tarehe, kiungo cha ukurasa wake, na ama muhtasari ama matini yote. Ukiifungua faili hiyo moja kwa moja katika kivinjari, huenda ukaona msimbo wa XML usiosomeka, na wengi hudhani wamekosea mahali, kumbe faili hiyo haikuandikwa isomwe na binadamu. Husomwa na programu ya kusomea milisho, ambayo kuanzia hapa nitaiita kisomaji. Wewe unakipa kisomaji anwani za milisho unayoitaka, nacho huipitia kila baada ya muda, hulinganisha kilichopo na kile kilichokuwapo mara iliyopita, kisha hukuonyesha mapya peke yake, yamepangwa kwa tarehe.

Anayeanza hukutana mapema na majina RSS, Atom na JSON Feed, yaani miundo mitatu ya kuandikia mlisho, na hudhani anatakiwa kuchagua. Hatakiwi. Toleo la kwanza la RSS lilitolewa na kampuni ya Netscape mwezi Machi 1999, na RSS 2.0, ambayo ndiyo imeenea zaidi, ni ya mwaka 2002. Atom ilipitishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2005 kupitia hati inayojulikana kama RFC 4287, kwa nia ya kuondoa utata uliokuwa umebaki katika matoleo ya RSS. Na JSON Feed ilitangazwa mwaka 2017. Watengenezaji wa programu walibishana miaka mingi kuhusu ipi ni bora, na ubishi huo haumhusu msomaji hata kidogo, kwa kuwa kisomaji chochote cha maana husoma RSS na Atom bila kukuuliza. Tovuti ikitoa zote mbili, chukua yoyote.

Kuna jambo moja la kiufundi, hata hivyo, ambalo msomaji anapaswa kulijua tangu mwanzo, kwa sababu sehemu kubwa ya ulinganisho huu inalitegemea. Mlisho hauhifadhi kumbukumbu zote za tovuti. Huonyesha makala ya mwisho machache tu: tovuti iliyojengwa kwa WordPress, isipobadilishwa na mwenyewe, huweka makala 10, na mlisho wa chaneli ya YouTube huweka video 15. Makala mapya yakiingia, ya zamani hutoka upande wa pili, na kisomaji ambacho hakikupita katika muda huo hakitajua kwamba yalikuwapo.

Mlisho ukilinganishwa na njia nyingine

Njia ya kale kuliko zote ni kuhifadhi anwani katika kivinjari na kuitembelea tovuti mwenyewe. Kwa tovuti moja au mbili unazozifungua kila siku bila kukumbushwa, njia hii inatosha na hakuna sababu ya kuiacha. Kwa tovuti zinazoandika mara chache haifai, kwani utarudi mikono mitupu mara nyingi kiasi cha kuacha kwenda, na hapo ndipo makala uliyokuwa unayasubiri yatakapotoka.

Jarida la barua pepe ni mshindani wa kweli wa mlisho, na lina hoja nzuri upande wake. Hufika mahali ambapo tayari unapitia kila siku, halihitaji programu mpya, na waandishi wengine hutuma kwa barua maandishi ambayo hawayaweki hadharani kwenye tovuti zao. Mwandishi anayewaandikia waliolipa hupendelea barua pepe kwa sababu iyo hiyo: anajua nani amelipa na anamtumia yeye peke yake. Ikiwa unachokifuata ni cha namna hiyo, usijisumbue na mlisho. Mara nyingi utakuwa na makala ya bure peke yake au vipande vya mwanzo vya yale ya kulipia.

Tofauti kubwa iko katika nani ameshika mpini. Ukijiunga na jarida unatoa anwani yako, na kuanzia hapo mtumaji ndiye anayeamua akutumie nini, mara ngapi, na kama atakubali kuacha utakapomwomba. Majarida mengi pia huwa na picha ya nukta moja isiyoonekana, ambayo barua inapofunguliwa huitwa kutoka kwenye seva ya mtumaji na kumjulisha kwamba umeisoma na saa uliyoisoma. Katika mlisho huna cha kutoa. Hakuna usajili kwa upande wa tovuti, na kujiondoa ni kufuta mstari mmoja kwenye orodha yako, bila kumwomba mtu ruhusa. Siyo kwamba hakuna kinachoonekana kabisa: seva ya tovuti huona kwamba kuna programu imekuja kuichukua faili, na picha zilizomo ndani ya makala zinaweza kuitwa kutoka mahali palepale. Lakini jina lako na anwani yako ya barua havimo katika mazungumzo hayo.

Kwa wale ambao kisanduku chao cha barua kimeshafurika, upo pia mseto wa njia hizi mbili. Huduma za kusomea milisho kama Feedly, Inoreader na NewsBlur zinaweza kukupa anwani maalumu ya kupokelea majarida, ili yaonekane ndani ya kisomaji pamoja na milisho mingine, ingawa uwezo huo mara nyingi huwekwa upande wa akaunti za kulipia.

Mitandao ya kijamii ni habari nyingine. Kumfuata mwandishi kwenye mtandao wa kijamii hakumaanishi kwamba utaona anachokiandika, kwa sababu mpangilio wa kile unachokiona huamuliwa na hesabu za mtandao wenyewe, ambazo lengo lake ni kukuweka hapo muda mrefu zaidi. Chapisho lenye kiungo cha kwenda nje linashindana na ugomvi, picha na matangazo, na mara nyingi hushindwa. Mlisho hauna hesabu hizo: kilichochapishwa kinaingia, ambacho hakikuchapishwa hakiingii, na cha karibuni kinakaa juu. Mitandao mikubwa haikukawia kuona kwamba milisho inamwezesha mtu kusoma bila kuingia kwao, na Twitter iliacha kutoa RSS mwaka 2013. Mastodon imekwenda kinyume: ukiongeza .rss mwishoni mwa anwani ya ukurasa wa mtu, unapata mlisho wa machapisho yake ya hadharani.

Mlisho, kwa upande wake, una upungufu ambao watetezi wake hupenda kuuruka. Haukutambulishi kwa mtu yeyote mpya. Kila kilichomo umekiweka mwenyewe, na usipoongeza vyanzo mara kwa mara, orodha yako itazeeka pamoja nawe. Wala hakuna mazungumzo: unasoma peke yako, huoni wengine wamesema nini. Anayetaka kugundua waandishi wapya atahitaji mitandao, au angalau tabia ya kufuata viungo vilivyomo ndani ya makala anayoyasoma. Maoni yangu ni kwamba njia hizi mbili hazigombani: mtandao ni wa kugundua, na mlisho ni wa kutopoteza ulichokwisha kukigundua.

Kuhusu arifa za kivinjari, zile ambazo tovuti huomba ruhusa ya kukutumia mara tu unapoifungua, sina zaidi ya kusema kwamba zinakukatiza wakati ambao si wako wa kusoma. Zikatae.

Aina tatu za visomaji

Hapa ndipo penye kazi. Orodha za visomaji bora huwa ndefu na hulinganisha sura, rangi na idadi ya vitufe, mambo ambayo utayazoea kwa wiki moja katika programu yoyote ile. Swali linaloamua ni tofauti: nani anakwenda kuchukua milisho, na nani anaitunza orodha yako. Kwa kipimo hicho, visomaji vyote huangukia katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni huduma za akaunti, kama Feedly, Inoreader, NewsBlur na The Old Reader. Unajisajili, unaongeza milisho, na seva za huduma hiyo ndizo zinazokwenda kuichukua mchana na usiku. Wewe unafungua tovuti au programu ya simu na kukuta kila kitu kimeshaletwa.

Kundi la pili ni programu zinazokaa kwenye kifaa chako na kuchukua milisho zenyewe. NetNewsWire kwa kompyuta za Mac na simu za iPhone, Feeder kwa simu za Android, Liferea kwa Linux, na Thunderbird, ambayo wengi huijua kama programu ya barua pepe lakini husoma milisho pia na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Zote nne ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, na hazidai malipo.

Kundi la tatu ni visomaji unavyovisimika kwenye seva yako mwenyewe, kama FreshRSS, Miniflux na Tiny Tiny RSS.

Tuanze na kutopoteza makala, kwa sababu ndilo kusudi la zoezi lote. Chukua tovuti ya habari inayochapisha makala 40 kwa siku na ambayo mlisho wake hubeba 20. Maana yake ni kwamba mlisho huo hugeuka wote kila baada ya saa kumi na mbili. Programu iliyo kwenye kompyuta yako, ambayo ilizimwa Ijumaa jioni na kuwashwa Jumatatu asubuhi, itakuta makala 20 ya mwisho tu, na yale yote yaliyopita katikati hayatarudi. Huduma ya akaunti ingekuwa imeyachukua yote. Hapo kundi la kwanza linashinda bila ubishi.

Sasa chukua mwandishi anayechapisha mara moja kwa mwezi, na mlisho wake una makala 10. Mlisho huo unafunika karibu mwaka mzima. Unaweza kuizima kompyuta, ukasafiri, ukaugua, ukarudi baada ya miezi mitatu, na hutakosa hata mstari. Kwa tovuti za namna hiyo faida ya seva inayokesha haipo, na kulipia huduma kwa sababu hiyo ni kupoteza fedha. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha programu, tazama kwanza mwendo wa tovuti unazotaka kuzifuata. Watu wengi wanaopenda milisho hufuata tovuti nyingi za polepole, na huenda wanahitaji huduma ya akaunti kidogo kuliko wanavyodhani.

Jambo la pili ni vifaa vingi. Ukisoma kwenye simu njiani na kwenye kompyuta mezani, utataka makala uliyoyasoma kwa simu yaonekane yamesomwa kwenye kompyuta. Huduma za akaunti hufanya hivyo bila wewe kufikiri. Programu za kifaani kwa kawaida hazijuani: Thunderbird haijui ulichokisoma kwenye Feeder, na utajikuta ukipitia vichwa vilevile mara mbili. Njia za kupunguza kero hiyo zipo, kwa mfano NetNewsWire hulinganisha vifaa vya Apple kupitia iCloud, lakini ukichanganya Android na Mac, au Windows na iPhone, ni vigumu kukwepa akaunti ya mahali fulani. Anayesoma kwenye kifaa kimoja tu aliruke suala hili.

Faragha huelezwa vibaya mara nyingi, kana kwamba programu ya kifaani inaficha kila kitu. Ukweli ni kwamba unachagua nani akuone. Ukitumia huduma ya akaunti, kampuni moja inaijua orodha yako yote, na inaweza kujua ni makala gani unafungua na gani unaruka, ilhali tovuti zenyewe huona seva ya huduma tu ikija kuchukua mlisho kwa niaba ya watu wengi. Ukitumia programu ya kifaani, hakuna anayeijua orodha nzima, lakini kila tovuti inaona kifaa chako kikipiga hodi kila saa. Mtu ambaye orodha yake inaonyesha imani yake, siasa zake au ugonjwa anaoufuatilia atakuwa na sababu nzuri ya kupendelea njia ya pili. Kwa aliyefuata tovuti za mapishi na kompyuta, tofauti hiyo ni ndogo.

Matumizi ya data na betri yanahusu zaidi simu. Programu ya kifaani inayokagua milisho hamsini kila nusu saa inaonekana kuwa mlaji mkubwa, lakini hali si mbaya kama inavyoelekea, kwa kuwa programu iliyotengenezwa vizuri huiuliza seva kwanza kama faili imebadilika tangu mara ya mwisho, na isipobadilika seva hujibu kwa mstari mfupi bila kutuma faili tena. Kinachokula data zaidi ni picha. Feeder inaweza kuamriwa ichukue milisho wakati simu iko kwenye Wi-Fi tu, au inapochajiwa tu, na mpango huo una faida ya ziada ambayo huduma za akaunti hazikupi kirahisi: makala yamo ndani ya simu na yanasomeka hata pasipo na mtandao. Kwa anayesoma akiwa safarini, au ambaye mtandao wake hukatika, programu ya kifaani ni bora waziwazi.

Gharama ni rahisi kueleza. Huduma za akaunti huwa na daraja la bure lenye mipaka, kwa kawaida idadi ya milisho, na katika baadhi ya huduma pia kasi ya kuikagua au utafutaji ndani ya makala ya zamani, kisha daraja la kulipia kwa mwezi au mwaka. Anayeanza hatafikia mipaka hiyo mapema, na hana sababu ya kulipa mwezi wa kwanza.

Kundi la tatu nimelichelewesha kwa makusudi. Kisomaji kilicho kwenye seva yako kinakupa mambo yote mawili mazuri, yaani seva inayokesha na orodha isiyo mikononi mwa kampuni, na bei yake ni wewe kuwa fundi. FreshRSS imeandikwa kwa PHP na inaweza kutumia hifadhidata ndogo ya SQLite, hivyo hukubali kusimikwa hata kwenye huduma ya kawaida ya kukodi nafasi ya tovuti. Miniflux ni nyepesi na tulivu lakini inahitaji hifadhidata ya PostgreSQL. Zote mbili zitakudai masasisho, nakala za akiba, na usiku mmoja mmoja wa kutafuta kwa nini ukurasa haufunguki. Aliye na seva tayari, na anayefurahia kazi hiyo, aende moja kwa moja huko. Anayetaka kusoma tu asianzie hapo.

Orodha yako ni mali ya nani

Google Reader, iliyoanzishwa mwaka 2005, ilikuwa kwa miaka mingi ndiyo kisomaji cha watu wengi kuliko kingine chochote. Mwezi Machi 2013 Google ilitangaza kwamba itaifunga, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo ilifungwa. Huduma kadhaa zinazotumika leo zilikua kwa kupokea wakimbizi wa siku zile. (Jambo la kuchekesha ni kwamba lugha ambayo programu zilitumia kuzungumza na Google Reader haikufa nayo: FreshRSS na visomaji vingine bado huitumia ili programu za simu ziweze kuunganishwa navyo.)

Waliohama hawakulazimika kuanza upya, kwa sababu kuna aina ya faili iitwayo OPML, ambayo huandika anwani za milisho yako yote pamoja na folda ulizoziweka. Kisomaji kimoja huitoa, kingine huipokea, na ndani ya dakika chache orodha yote imehama. Hicho ndicho kipimo ambacho mimi naona kinafaa kutangulia vingine vyote: kabla hujajaza milisho mia katika kisomaji chochote, tafuta katika mipangilio sehemu ya kutolea faili ya OPML, itoe, na uhakikishe inafunguka kwingine. Kisomaji kisichoitoa, au kinachoitoa kwa waliolipa tu, kiache hata kama kinapendeza.

OPML ina mipaka, na ni vyema kuijua kabla ya siku ya kuhama. Hubeba anwani, haibebi makala. Yale uliyoyawekea nyota ili uyasome baadaye, na kumbukumbu ya ulichokisoma na ambacho hujakisoma, kwa kawaida hubaki ulikotoka. Kwa hiyo makala ambayo una hakika utayahitaji baada ya miaka mitano usiyatunze kwa nyota za kisomaji. Yahifadhi kama faili mahali pako.

Matini kamili au kipande

Baadhi ya tovuti huweka makala yote ndani ya mlisho, na nyingine huweka aya ya kwanza na kukutaka uende kwenye ukurasa wao kusoma mengine. Hakuna kisomaji kinachobadilisha uamuzi huo, lakini vingine hujaribu kuuzunguka kwa kwenda kwenye ukurasa wenyewe na kuchomoa matini. NetNewsWire, Feeder na Miniflux zina uwezo huo. Matokeo hutofautiana: kwenye ukurasa uliopangwa vizuri utapata makala safi, na kwenye ukurasa uliojaa vipande vya ajabu utapata menyu na maelezo ya picha yamechanganyika na aya. Makala yaliyo nyuma ya ukuta wa malipo hayatoki kwa njia hiyo. Kama tovuti nyingi unazozifuata hutoa vipande, jaribu uwezo huu kabla ya kuchagua, kwa maana utakutana nao kila siku.

Podikasti nazo husafiri kwa RSS: ni mlisho wa kawaida ambao kila kipengele chake kimebeba anwani ya faili ya sauti. Visomaji vingi vinaweza kuzifungua, lakini havikumbuki vizuri ulipoishia kusikiliza, kwa hiyo ni afadhali sauti zikae kwenye programu ya podikasti, kama AntennaPod kwa Android, na maandishi yakae kwenye kisomaji.

Kuupata mlisho wenyewe

Alama ya mlisho ni mraba wa rangi ya machungwa wenye nukta na mikunjo miwili ya mawimbi, lakini tovuti nyingi zina mlisho na haziionyeshi. Vivinjari navyo havisaidii kama zamani. Firefox iliondoa sehemu yake ya milisho mwezi Desemba 2018. Usihangaike kuitafuta alama. Nakili anwani ya kawaida ya tovuti, ibandike mahali pa kuongezea mlisho katika kisomaji, na mara nyingi kitaupata chenyewe, kwa kuwa tovuti huandika anwani ya mlisho ndani ya msimbo wa ukurasa kwa ajili ya programu.

Kikishindwa, jaribu kubahatisha. Tovuti za WordPress huwa na mlisho kwenye /feed/ baada ya anwani kuu, za Blogger kwenye /feeds/posts/default, na kurasa za Reddit hukubali .rss mwishoni. Kwa YouTube bandika anwani ya ukurasa wa chaneli. Tovuti isiyo na mlisho kabisa ndiyo inayotenganisha visomaji kwa kweli: Feedly na Inoreader zinaweza kukutengenezea mlisho kwa kuuchunguza ukurasa, kwa kawaida kwa malipo, na mwenye seva anaweza kusimika RSS-Bridge, programu huria inayofanya kazi hiyo kwa tovuti kadhaa zinazojulikana. Programu za kifaani kwa sehemu kubwa haziwezi.

Kuchagua

Msomaji wa tovuti chache zinazoandika polepole, mwenye kifaa kimoja, achukue programu ya kifaani ya mfumo wake na asifungue akaunti yoyote. Ataanza kusoma ndani ya dakika kumi, na hakuna kampuni itakayomwandikia baadaye kwamba masharti yamebadilika. Kwa mtazamo wangu hilo ndilo kundi la wanaoanza wengi, ingawa karibu kila orodha ya mapendekezo huwaelekeza kwanza kwenye huduma za akaunti.

Anayefuata vyombo vya habari vinavyochapisha makala kadhaa kwa saa, au anayefanya hivyo kwa ajili ya kazi na hawezi kukosa kitu, aende kwenye huduma ya akaunti. Inoreader inamfaa zaidi mwenye kutaka vichujio na kanuni za kupanga makala kwa maneno yaliyomo, na Feedly ni rahisi zaidi kwa macho ya mgeni. NewsBlur ni programu huria ijapokuwa inaendeshwa kama huduma, hivyo humfaa anayejali jambo hilo na hataki kusimika seva. Hata hivyo ajiulize kama anahitaji kweli mlisho wa ukurasa wa mbele wa gazeti zima. Vyombo vingi hutoa milisho ya sehemu sehemu, kama vile uchumi, sayansi au michezo, na sehemu moja iliyochaguliwa vizuri ni bora kuliko mlisho mkuu utakaozamisha sauti za wale wanaoandika mara moja kwa mwezi. Ikiwa lazima uwe nao, uweke kwenye folda yake peke yake.

Mwenye simu na kompyuta za mifumo tofauti, asiyetaka kulipa wala kuacha programu anayoipenda, ana njia ya katikati. Afungue akaunti ya bure kwenye huduma inayoruhusu akaunti hiyo kuunganishwa na programu za nje, kisha asiisome kwenye tovuti ya huduma hiyo bali aiunganishe na programu ya kifaani inayokubali kuunganishwa. NetNewsWire, kwa mfano, hukubali akaunti za Feedly, Inoreader, NewsBlur, The Old Reader na FreshRSS. Huduma itachukua milisho na kukumbuka yaliyosomwa, na programu itabeba usomaji. Akija kuchoshwa na huduma hiyo, atatoa faili yake ya OPML, ataipeleka kwenye huduma nyingine, na programu aliyoizoea itabaki ileile.